Chanzo Chenye Miguu Miwili

Iko nchi moja, wala isiulizwe iko upande gani wa ramani, ambako hakuna balaa lisilokuwa na mwenyewe. Mvua ikigoma, yupo aliyeifunga. Mvua ikizidi, yupo aliyeichokoza. Ng'ombe wa Waziri akizaa ndama mwenye jicho moja, yupo aliyemtazama vibaya akiwa na mimba. Nembo ya taifa hilo ni mkono ulionyooshwa, kidole kikielekeza mbele, na watoto hufundishwa kuichora tangu darasa la kwanza. Ipo hata sheria, fupi na nzuri, inayokataza kukichora kidole hicho kikiwa kimemgeukia mwenye mkono.

Kwa kuwa kazi ya kuwatafuta wenye balaa ilikuwa nyingi, serikali iliunda Idara ya Chanzo, ikaipa jengo la ghorofa tano, magari na wataalamu. Kazi ya Idara ni moja tu: kila linapotokea jambo baya, chanzo chake kipatikane kabla ya Ijumaa, ili wananchi wapumzike mwisho wa juma bila mawazo.

Sikitu aliipenda nchi yake kama walivyoipenda wengine. Alikuwa karani wa ofisi ya mtaa katika mji mdogo uitwao Visimani, ingawa kisima kilikuwa kimoja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata vijana wakamletea barua zao za posa awaandikie. Mumewe, Mahongo, alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na mikono yenye grisi isiyotoka. Walikuwa na mtoto mmoja, Tunu, wa miaka saba. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, na kila aliposema "sisi" neno lilitoka na upepo mwingi, jambo lililomchekesha yeye mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Kipindupindu kiliingia Visimani mwezi wa tatu. Serikali ilikuwa imelipiga marufuku neno hilo kwa kuwa liliwatisha wageni, kwa hiyo kwenye vyeti vya vifo kiliandikwa "mchafuko wa tumbo usio na madhara". Sikitu ndiye aliyekuwa akivijaza vyeti hivyo, kwa mwandiko wake ule ule wa barua za posa.

Tunu alianza kuharisha Jumatano asubuhi, kabla ya uji. Adhuhuri macho yalikuwa yamezama. Alasiri aliomba maji, akapewa ya kisimani, akanywa kikombe kizima kwa pupa, akalala, na saa kumi na moja alikuwa amekwisha. Siku iliyofuata Sikitu alikaa mezani kwake ofisini, akaandika jina la mwanawe, umri, tarehe, na mbele ya neno "sababu" akaandika: mchafuko wa tumbo usio na madhara. Mwandiko ulitoka mzuri kama siku zote. Alijishangaa mwenyewe kwa hilo.

Aliyemwosha Tunu alikuwa Bi Siwema. Hakuna aliyemwita, yeye hakuwa na kawaida ya kungoja kuitwa. Akisikia kilio alichukua ndoo yake, taulo na kifuko cha karafuu maiti, akaja. Aliishi peke yake nyuma ya mashine ya kusaga, na kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa amewaosha wote waliofia Visimani, wakubwa kwa wadogo. Alikuja akiwa amekunja mikono ya gauni, akamshika Sikitu kidevu kidogo, akaenda jikoni mwenyewe kuwasha moto.

"Moto wa nini, Bi Siwema?" aliuliza jirani mmoja.

"Wa kupasha maji," alisema. "Mtoto huyu. Ya baridi yatamshtua."

Sikitu aliketi nje ya mlango, mgongo ukutani. Ndani alisikia maji yakimiminwa, na sauti ya yule mama ikisema taratibu, "Geuka, mama. Geuka kidogo. Ndiyo hivyo. Haya, mkono huu sasa." Alimsemesha hivyo tangu mwanzo hadi mwisho.

*

Watu hamsini walipokuwa wamekwisha kufa, Idara ya Chanzo ilishuka Visimani kwa magari manne. Mkuu wake alikuwa Daktari Mshindo Bakuza, ambaye udaktari wake ulikuwa wa heshima, na heshima yenyewe alijitunuku. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na alilia hadharani kila alipotaja wananchi.

Wa kwanza kufika mbele yake alikuwa bwana maji wa wilaya, kijana aitwaye Fute, akiwa na ripoti ya kurasa mbili. Ripoti ilisema kwamba bomba la maji machafu la Nyumba ya Mapumziko ya Viongozi, iliyoko juu ya kilima, lilikuwa limepasuka, na uchafu wote ulikuwa ukiteremka moja kwa moja kisimani. Alikuwa amechora mpaka mchoro.

Daktari Bakuza aliisoma yote. Kisha akavua miwani.

"Kijana, umefanya kazi nzuri," alisema. "Mchoro umependeza. Lakini umeisoma sheria ya Idara? Sikitu, hebu msomee mwenzako."

Sikitu, aliyekuwa ameazimwa na Idara kwa ajili ya mwandiko wake, alisoma: "Kifungu cha nne. Chanzo kitakuwa na miguu miwili, uso, na uwezo wa kulia."

"Umesikia?" alisema Bakuza. "Bomba lina miguu? Nikilifukuza bomba litakwenda wapi? Nikiwaambia wananchi wenye uchungu wakalikasirikie bomba, watanielewa? Wewe unataka niwanyime wananchi haki yao ya kukasirika."

"Mheshimiwa, likizibwa watu wataacha kufa," alisema Fute.

Daktari Bakuza alilia kidogo. Jioni hiyo Fute alipandishwa cheo, akahamishiwa Idara ya Visiwa. Nchi ile haina bahari.

Baada ya hapo kamati ilikaa. Sifa za chanzo zilikuwa kwenye fomu, na fomu ilikuwa wazi: awe anaishi peke yake; awe na jambo la kumtofautisha na wenzake; asiwe na mume, mtoto, wala ndugu wa kuulizia. Kwa sifa hiyo ya mwisho Daktari Bakuza alitoa maelezo. Ndugu wanaoulizia, alisema, walikuwa wameisumbua sana Idara katika miaka iliyopita. Wengine walikuja na vyakula.

Kisha ukaja ushahidi. Sikitu aliambiwa aandike orodha ya nyumba zote zilizofiwa, na mbele ya kila nyumba aandike majina ya wote walioonekana pale siku ya msiba. Alizunguka mji mzima na daftari. Nyumba zilikuwa arobaini na moja, na ya kwake ikiwemo. Alipoiweka orodha mezani, Daktari Bakuza aliipitia kwa kalamu nyekundu. Majirani walibadilika nyumba kwa nyumba. Waganga wenye mikoba ya tambiko walibadilika. Jina moja tu halikubadilika.

"Siwema," alisoma. "Siwema. Siwema. Siwema. Nyumba arobaini na moja! Na zile zisizofiwa?"

"Huko hakwendi, Mheshimiwa," alisema Sikitu.

"Hakwendi!" Bakuza aliwageukia wataalamu wake. "Mnaona? Palipo na kifo, yupo. Pasipo na kifo, hayupo. Hii ni sayansi."

Sikitu alifungua mdomo. Alilijua jibu, lilikuwa jepesi, hata mtoto angelisema. Lakini pale pale alihisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi tangu Jumatano ile. Kifua kilimlegea. Kwa wiki tatu hasira yake ilikuwa imezunguka ndani yake kama mgeni asiyepewa kiti. Ilikwisha kumkasirikia Mungu, kikombe, Mahongo, na Tunu mwenyewe kwa kunywa kwa pupa. Sasa mtu mzima, mwenye muhuri, alikuwa akiionyesha mahali pa kukaa. Alifunga mdomo. Akatia sahihi chini ya orodha, kama karani na kama mfiwa.

Nyumbani alimweleza Mahongo. Mahongo alikuwa akiziba pancha, na alijibu huku akilisugua tairi.

"Sikitu, yule ndiye aliyemwosha Tunu."

"Ndiyo. Alikuwepo."

"Aliingia mtoto akiwa ameshakufa. Ulikuwepo na wewe."

"Unajuaje kama hakupita asubuhi? Unajuaje kama hakuangalia kisimani?"

"Alimpashia maji, Sikitu."

"Basi niambie ni nani!" alipiga kelele. "Kama si yeye, niambie ni nani aliyemuua mwanangu!"

Mahongo aliweka tairi chini. Hakuwa na mtu wa kumpa.

*

Usiku wa kuamkia Jumamosi redio ilisoma simulizi takatifu ya taifa, kama inavyosomwa kila chanzo kinapopatikana. Simulizi ni fupi. Hapo mwanzo nchi yote ilikuwa matope, na watu walipigana humo bila kujua sababu. Ndipo wakamwona mwanamke mgeni, wakajua ni yeye, wakamtupa katikati ya matope. Matope yakakauka, watu wakakumbatiana, nchi ikawa nchi. Mwombezi Mkuu wa Taifa huimalizia simulizi kwa kusema kwamba mwanamke yule alikwenda kwa hiari yake. Kama alipiga kelele, haikuandikwa, maana walioandika ni wale waliotupa.

Asubuhi watu walikusanyika uwanjani. Kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri. Mawe yaliletwa kwa lori la serikali, yameoshwa, kila moja halizidi ngumi ya mtu mzima, na kila kaya ilipokea lake na kusaini. Wajawazito walipewa kivuli. Bendi ya mgambo ilikuwepo. Mahongo alikataa kwenda. Alijifungia na baiskeli zake.

Mjumbe aliyetumwa kumleta Bi Siwema alikuwa mtu mwoga, na hakuweza kumwambia lolote ila "unahitajika uwanjani, mama, upesi." Kwa hiyo Bi Siwema alikuja mbio mbio, ndoo mkononi, taulo begani, kifuko cha karafuu maiti kikiwa kimechomekwa kiunoni. Umati ukampisha. Alifika katikati, akatazama huku na huku akitafuta kitanda cha maiti.

"Poleni sana," alisema akihema. "Nani kafariki?"

Aliyatazama mawe mikononi mwa watu, akaonekana hakuyaelewa. Kisha akamwona Sikitu pale mbele na karatasi yake, na uso ukamlegea kwa kumwona mtu anayemfahamu.

"Sikitu mwanangu, ni nani? Ni mtoto?"

Sikitu alisoma. Alisoma nyumba zote arobaini na moja, na mbele ya kila moja jina la Bi Siwema. Yule mama alisikiliza kwa adabu, kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja. Sikitu alipofika mwisho, mama alikuwa ameiweka ndoo chini.

"Lakini mimi huja wakishakufa," alisema.

"Iandikwe," alisema Daktari Bakuza kwa sauti ya huzuni, "kwamba chanzo kimekiri kuwa huja."

Kwa utaratibu, jiwe la kwanza ni heshima ya mwenye uchungu mkubwa kuliko wote, na wataalamu walikwisha kulipima hilo: mama wa mtoto wa pekee hutangulia. Walimpa Sikitu jiwe. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani, na lilikuwa bado na unyevu wa kuoshwa. Bi Siwema alikuwa akimtazama. Hakuwa na hofu bado. Alikuwa na sura ya mtu anayengoja mwenzake amalize kusema ili naye aeleze.

Sikitu akarusha.

Lilimpata begani. Bi Siwema alilitazama bega lake, kisha akamtazama Sikitu, kama mtu aliyegongwa sokoni na sasa anangoja kuombwa radhi. "Sikitu?" alisema. Halafu yakaja mengine, yote kwa pamoja, na bendi ikaanza kupiga, na Sikitu hakuona tena kwa sababu watu walikuwa wamempita mbele. Wengi walikuwa wakilia. Walipomaliza walikumbatiana, hata waliokuwa hawasalimiani kwa ugomvi wa mipaka. Mwanamke mmoja ambaye Sikitu hakumjua alimkumbatia kwa nguvu, akamwambia sikioni, "Umetupumzisha."

*

Juma lililofuata walikufa watu sita.

Idara ilitoa taarifa kwamba hayo ni mabaki ya chanzo, na kwamba hata sufuria iliyoepuliwa huendelea kuwa ya moto. Wananchi waliridhika. Waliendelea kuteka maji kisimani.

Tatizo lilikuwa dogo, ambalo fomu haikulitaja: hapakuwa na mtu wa kuosha. Nani angethubutu kuonekana penye msiba? Majirani waliacha kuingia nyumba zenye kilio. Walipitisha vyakula juu ya ua na kuondoka upesi, wasije wakaandikwa. Watu waliwazika wafu wao kama walivyokuwa, na nguo walizofia.

Mahongo aliugua siku ya Jumatatu. Alijikokota mwenyewe hadi uani, asimpe mkewe kazi, mpaka miguu ikakataa. Sikitu alikaa naye, akimnywesha kwa kijiko maji ya kisima kile. Mikono ya Mahongo ilikuwa imenyauka, lakini grisi ilikuwa pale pale kwenye mistari ya viganja.

"Utamwita nani?" aliuliza Mahongo.

"Wa nini? Mganga?"

"Baada ya hapa. Utamwita nani?"

Sikitu alielewa. Akajaza kijiko kingine, na Mahongo hakuuliza tena. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kutaka kujua kazi itafanywaje. Alifariki Jumanne, jua likiwa juu, na hakuna aliyekuja.

Sikitu alimwosha mwenyewe. Hakujua pa kuanzia. Hakujua jinsi mtu mmoja anavyomgeuza mwenzake aliyelegea bila kumwangusha, wala namna ya kukishika kichwa. Mara mbili alimponyoka. Alikuwa amemimina nusu ya ndoo ndipo akagundua kwamba maji ni ya baridi, akakaa chini pale pale kwenye sakafu iliyolowa, taulo mkononi, akalia kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, na mtaa mzima ukafunga madirisha.

Baada ya hapo cheti kilipaswa kujazwa. Alikwenda ofisini, akaandika jina, umri na tarehe. Mbele ya "sababu" aliandika: bomba. Mkubwa wake alikichana kwa upole, akajaza kingine.

*

Wiki mbili baadaye Waziri alikuja kupumzika pale kilimani, akalalamika kwamba barazani pananuka. Mafundi waliletwa siku hiyo hiyo, bomba likazibwa, na ugonjwa ukaondoka Visimani kabla ya mwezi kwisha.

Daktari Bakuza alilia kwenye redio. Chanzo kilikuwa sahihi, alisema. Ilihitaji subira tu.

Kisha yakaanza mengine. Mwanamke mwenye uvimbe shingoni alipita karibu na lile rundo la mawe pale uwanjani, ambalo hakuna aliyelisogelea tangu Jumamosi ile, na uvimbe ukapungua. Mtu mwingine akaota Bi Siwema anamsimamia kitandani na ndoo ya maji meupe. Watu wakaanza kuacha maua. Walianza kusema kwamba ndiye aliyeubeba ugonjwa wote akaondoka nao, na kwamba bila yeye Visimani isingekuwepo. Mwombezi Mkuu akatangaza kwamba alikwenda kwa hiari yake. Ulipotimia mwaka, ikatangazwa Sikukuu ya Mama Mtakasaji. Mawe yakapakwa chokaa, yakapewa namba, yakazungushiwa kamba na kuwekewa mlinzi. Zikachapwa kanga zenye jina lake na uso. Na kwa kuwa hakuwahi kupigwa picha, ukachorwa uso wa mke wa Waziri.

Sikitu alipangiwa kusema maneno ya shukrani kwa niaba ya wafiwa. Aliposimama kwenye jukwaa, kanga zikipepea kila upande, alisema, "Alikuwa mwoshaji. Alikuja kwetu tukishafiwa. Hakuna alichokifanya. Mimi ndiye niliyeandika orodha, nilijua ni uongo, na jiwe la kwanza lilikuwa langu."

Watu walipiga makofi sana. Wengine walitokwa na machozi. Daktari Bakuza alimshika mkono na kumwambia kwamba hakutegemea hotuba nzuri kiasi kile, na kwamba kila mwaka itasomwa.

Alishuka jukwaani, akajisogeza hadi pembeni ya uwanja. Hapo ndipo mzee mmoja mrefu alipomfuata. Alikuwa amevaa koti lililokunjika kwa safari, na mkononi alikuwa na kikapu kidogo cha ukwaju. Alikuwa ameshuka kwenye lori la mizigo muda si mrefu, wala hotuba hakuisikia.

"Shikamoo, baba," alisema Sikitu.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Kibwana, natoka mbali, huko mpakani. Hebu nisaidie." Alinyoosha kidole kwenye kanga moja, na uso wake ulikuwa umejaa furaha iliyomshinda kuificha. "Huyu Siwema aliyeandikwa huku ni Siwema Ngao? Yule mwoshaji?"

"Ndiye."

"Ni dada yangu!" Akacheka. "Dada yangu hasa, tumbo moja. Wamemchora vibaya, wamemnenepesha, lakini jina ni lake. Kumbe ndiyo maana yeye hatuandikii siku hizi. Mwaka mzima kimya, nikasema niende mwenyewe. Nafika nakuta bendi! Mji mzima unamshangilia! Sisi nyumbani tulidhani ni mtu wa shida huku." Akafuta macho kwa kiganja. "Amekaa wapi? Pale na wakubwa? Nataka nimwamkie kabla hawajaanza tena kuhutubia."

Kwenye fomu ya Siwema, Sikitu alikumbuka, aliandika mwenyewe: ndugu, hakuna. Hakumwuliza mtu.

"Baba," alisema, "tukae kidogo."

Wakakaa kwenye ukingo wa mfereji. Akamweleza. Alianzia kwa Tunu, akaona anajitetea, akaacha, akaanza upya kwa orodha. Hakupunguza. Mzee Kibwana alisikiliza, kikapu magotini. Furaha haikumtoka mara moja. Ilibaki usoni kwa muda, kama taa iliyosahaulika kuzimwa mchana, kisha ikatoka polepole, na chini yake akawa mzee sana.

"Na wewe ulirusha?"

"La kwanza."

Akaitikia kwa kichwa, kama anayethibitisha anwani. Bendi ilipiga wimbo mmoja hadi mwisho.

"Nani alimwosha?" aliuliza.

"Hakuna."

"Hata kumfunika?"

"Ni mawe tu, baba. Yuko vile vile."

Mzee Kibwana alisimama. Aliweka kikapu chini, akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kikapu. Kisha akatembea kuelekea kwenye rundo, na Sikitu akamfuata. Mzee aliinua kamba, akapita chini yake kwa shida, akainama na kushika jiwe.

"Mzee! Mzee!" Mlinzi alikuja mbio. "Hayo ni mali ya taifa! Yana namba!"

"Sina haja na mawe yenu," alisema mzee bila kuinuka. "Chini yake kuna mtu wangu."

Mlinzi alitazama jukwaani kuuliza la kufanya. Daktari Bakuza naye alikuwa akitazama ratiba, akitafuta hicho kipengele. Watu wa mbele walidhani ni mchezo wa kuigiza, wakaanza kupiga makofi. Yalidumu mpaka lilipoondolewa jiwe ambalo chini yake kulikuwa na kipande cha taulo. Hapo makofi yakafa upande ule, safu kwa safu. Baadhi ya watu waliwageuza watoto wao kwa mabega na kuondoka nao. Daktari Bakuza akaiashiria bendi, na bendi ikapiga kwa nguvu zake zote.

Hakuna aliyekuja kuwasaidia, wala hakuna aliyewazuia. Mlinzi alisimama pale, kirungu mkononi, akitazama pembeni.

Mzee Kibwana alikuwa akitoa mawe na huku anasema. Mwanzoni Sikitu alidhani anasemeshwa yeye, akasogea.

"... Chausiku, ni mimi," mzee alikuwa akisema, akimwita dada yake kwa jina la utotoni. "Nimechelewa. Mto ulijaa, magari hayapiti. Mama mdogo anakusalimu, macho yamekwisha lakini masikio anayo. Binti wa Pazi ameolewa, arusi ilikuwa kubwa, tulikutafutia nafasi yako. Ule mkwaju mwembamba wa nyuma ya nyumba umezaa mwaka huu, nimekuletea ..."

Bendi ilikuwa karibu sana, na sauti ya mzee ilikuwa ndogo. Sikitu alichukua jiwe jingine, akaliweka pembeni polepole, kwa mikono miwili, lisije likapiga kelele.